Sauti Isiyopiga Hodi

Katika adabu ambazo Uislamu umewafunza watu, na ambazo sisi wa mwambao tumezishika hata zikawa kama tabia ya kuzaliwa nayo, mojawapo ni adabu ya hodi. Mtu haingii nyumba isiyokuwa yake mpaka aombe idhini na awatolee salamu wenyewe. Amri hiyo imo katika Sura An-Nur, na Bwana Mtume (S.A.W.) akatubainishia kwamba idhini huombwa mara tatu: ukijibiwa, ingia; usipojibiwa, rudi zako wala usione uchungu. Mtoto wa miaka mitano aijua adabu hii. Hata mwizi anapoivunja, ajua kwamba anaivunja.

Lakini kuna mgeni mmoja ambaye huingia nyumba za watu usiku na mchana, hupita ukutani, hufika hata chumba cha kulala, hata penye mgonjwa na penye mzazi aliyejifungua jana, wala hapigi hodi. Mgeni huyo ni sauti. Na suala ninalotaka tulitazame leo ni hili: sauti ikitoka kwangu ikaingia kwako, ni nani aliyeingia? Ni sauti, au ni mimi?

Yafaa niseme mapema kwamba sikusudii kuzungumza juu ya uhalali wa ngoma na vinanda. Hilo wanazuoni wamelisema na wametafautiana, na kila mtu ana sheikh wake wa kumwuliza. Mimi nazungumza juu ya sauti yoyote iwayo, ya mchezo au ya mawaidha, na hata ile iliyo bora kuliko zote.

Sababu ya suala hili ni kwamba kijana wangu alikuja likizo akatufungia sebuleni mitambo ya sauti ya kuzunguka, inayoendeshwa na kompyuta ya nyumbani. Kwa asiyeijua khabari hii, nitaieleza kwa ufupi. Spika zake ni sita. Moja huwekwa mbele, katikati, chini ya skrini. Kwake hutoka maneno ya wasemaji. Mbili huwekwa mbele, kushoto na kulia, kila moja ikipinda kiasi cha digrii 30 kutoka katikati. Mbili nyingine huwekwa ubavuni, zikirudi nyuma kidogo ya msikilizaji, kiasi cha digrii 110. Ya sita ni sabufa, kazi yake ni ngurumo na vishindo. Nyuma ya kompyuta yetu mna matundu ya rangi: la kijani ni la spika za mbele, jeusi ni la spika za nyuma, na la rangi ya chungwa ni la spika ya kati pamoja na sabufa. Wengine hupitisha sauti zote katika waya mmoja wa HDMI mpaka kwenye risiva, na risiva ndiyo igawayo.

Hapo kale sauti ya mashine ilitoka mahali pamoja tu. Mwaka 1931 mhandisi wa Uingereza, Alan Blumlein, aliomba hati ya ugunduzi wa kunasa na kutoa sauti kwa njia mbili. Husimuliwa kwamba alikerwa sinemani kumwona mchezaji anatembea upande huu hali sauti yake yatoka upande ule. Mwaka 1940 filamu ya Walt Disney iitwayo Fantasia ikaonyeshwa kwa mitambo iliyotoa sauti pande mbalimbali za ukumbi. Miaka ikapita, na mwaka 2012 ikaja Dolby Atmos, ambayo huongeza sauti za juu, hata mvua ya filamu ikawa kama inanyesha darini. Mambo yaliyokuwa ya majumba ya sinema sasa yamo sebuleni mwa mtu wa kawaida.

Na siri ya yote haya haimo katika waya. Imo katika sikio. Mwenyezi Mungu ametupa masikio mawili, moja huku na moja huku. Sauti ikija kutoka kulia, sikio la kulia hulipata kwanza, na la kushoto hulipata baadaye, na tafauti yake, hata iwe kubwa vipi, haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunda. Kwa tafauti hiyo ndogo, pamoja na tafauti ya nguvu ya sauti kwa kila sikio, mtu hujua bila ya kufikiri ni wapi mtoto analia, na ni wapi pikipiki inatokea. Fundi wa spika hakuumba kitu. Ameijua hesabu ya Muumba, akaitumia kulidanganya sikio lililoumbwa kwa hesabu hiyo.

Kijana wangu alinionyesha jambo moja lililonipendeza. Sauti huenda kiasi cha mita 343 kwa sekunda. Basi spika iliyo karibu nawe kwa mita moja kuliko wenzake, sauti yake itafika mapema kwa sehemu 3 za elfu za sekunda, na mpango wote utaharibika. Kwa hiyo kompyuta huambiwa masafa ya kila spika, nayo huizuia ile ya karibu isubiri mpaka ya mbali ifike. Nikasema, tazama, hata spika hufunzwa kuwangojea wenzao. Nilisema hivyo kwa mzaha, wala sikujua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na haja ya funzo lile kuliko spika.

Ilikuwa usiku, baada ya sala ya Isha. Mke wangu alikuwa matangani kwa jamaa zake, na kijana ametoka na wenziwe. Nikakaa peke yangu katika kiti kilichowekwa katikati ya spika, nikafungua filamu ya mabaharia waliopatwa na tufani. Upepo ukavuma nyuma yangu, mawimbi yakapita kushoto kwenda kulia, na sabufa ikanguruma hata kikombe kikatetemeka mezani. Katikati ya tufani nikasikia mgongo wa mbao, nyuma, upande wa kulia: ngo, ngo, ngo. Nikatabasamu. Nikasema moyoni, ama watu hawa ni mastadi, mbao za jahazi zagongana nyuma yangu kama kweli. Ikagonga mara ya pili, nikastaajabu zaidi. Mara ya tatu sikuitia maanani. Kisha upande ule ukanyamaza, na filamu ikaendelea mpaka mwisho.

Asubuhi nikapata khabari. Mzee jirani yetu, ambaye sisi na yeye tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, alibanwa na kifua usiku ule. Mkewe akaja kwangu kwa kuwa mimi nina gari. Akagonga na kupiga hodi mara tatu, na hodi yake ikamezwa na upepo wa filamu. Alipoona hajibiwi akarudi, kama dini ilivyomfunza. Akashuka ngazi peke yake, mama mtu mzima, akatafuta tuktuk barabarani. Mzee alilazwa siku nne, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akarudi kwake akiwa mzima.

Nilipokwenda kumzuru, mkewe hakunilaumu. Alinikaribisha, akanitilia kahawa, akasema, "Tulibisha, baba, tukajua mmelala." Hakuongeza neno. Nami najua kwamba usiku ule ngazi nzima ilikuwa ikinguruma kwa tufani yangu, na yeye alisimama mlangoni akiisikia. Alijua kwamba sikulala. Lakini alinisitiri, hata mbele ya nafsi yangu. Sijapata kulaumiwa kwa lawama iliyonichoma kama upole ule.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, kosa langu ni lipi hasa? Sikukusudia kumdhuru mtu. Nilikuwa nyumbani kwangu, katika mali yangu, na umeme naulipa mwenyewe. Sikusikia, na asiyesikia ana udhuru. Hizi ni hoja za mtu anayejitetea, na si hoja za ovyo. Yafaa zipimwe moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya mali. Ni kweli kwamba spika ni zangu na sebule ni yangu. Lakini wanazuoni wa fikihi tangu zamani wamezungumza juu ya moshi wa tanuri, harufu ya ngozi, na kishindo cha kinu cha kusagia kinachotikisa ukuta wa jirani. Hawakusema kwamba mwenye tanuri hana haki ya tanuri yake. Walisema kwamba haki yake ina mpaka, na mpaka wenyewe ni madhara kwa mwenzake. Moshi ukishavuka ukuta, hauwi tena jambo la nyumba moja. Na sauti ni kama moshi, ila haionekani.

Tena sauti nzito ina jambo lake. Sauti ya mitetemo 50 kwa sekunda wimbi lake lina urefu wa karibu mita 7, na ukuta wa matofali wa nyumba zetu za siku hizi hauizuii kama uzuiavyo sauti nyembamba. Kwa hiyo jirani hapati hadithi, wala maneno, wala kile kilichokufurahisha wewe. Ukuta huzuia maneno ukapitisha kishindo. Wewe wabaki na utamu, naye hupelekewa makapi. Wazee waliojenga Lamu, Mombasa na Unguja kwa mawe ya matumbawe na chokaa walijenga kuta nene, na palipo na daka mgeni akapata mahali pa kusubiri kwa heshima. Sisi tumehamia ghorofa zenye kuta nyembamba, lakini tumenunua spika ambazo hata kuta zile nene zingezitaabisha.

Hoja ya pili ni kwamba jirani hajasema neno. Hoja hii ndiyo khatari zaidi kwetu sisi watu wa pwani. Jirani wa pwani hasemi. Atastahi, atavumilia, atawaambia wanawe wakalale chumba cha upande wa pili, na akikutana nawe ngazini atakuuliza khabari za watoto. Ukimwomba ruhusa atakwambia, "Hapana neno, starehe tu." Basi kunyamaza kwake tusikuite ridhaa. Subira ya jirani ni thawabu yake yeye. Si ruhusa yangu mimi.

Husimuliwa juu ya Imamu Abu Hanifa kwamba huko Kufa alikuwa na jirani, fundi wa viatu, aliyelewa na kuimba kila usiku hali Imamu yu katika ibada yake. Imamu alivumilia. Usiku mmoja sauti haikusikika. Imamu akauliza, akaambiwa kwamba amekamatwa; akaenda kwa liwali akamwombea, akaachiwa, na mtu yule akatubu. Watu huisimulia khabari hii kuonyesha subira ya Imamu, na ni kweli. Lakini mimi sasa naona jambo jingine ndani yake: yule bwana alimsikia jirani yake hata aliponyamaza. Nami sikumsikia jirani yangu hata alipogonga mlango.

Hapo twafika kwenye hoja ya tatu, ya kwamba sikusikia. Kutosikia ni udhuru kwa kiziwi, na kwa aliyelala, na kwa aliye mbali. Je, ni udhuru kwa aliyeyajaza masikio yake kwa hiari, kisha akasema sikusikia? Qur'ani yatusimulia juu ya watu wa Nabii Nuhu (A.S.) waliotia vidole masikioni mwao wasisikie mwito. Mimi sikutia vidole. Nilitia tufani. Na tumekwisha kufundishwa katika Sura Al-Israa kwamba sikio, na jicho, na moyo, vyote vitaulizwa. Zamani nilidhani kwamba sikio litaulizwa juu ya yale liliyoyasikia tu: masengenyo, na upuuzi, na uongo. Sasa naogopa kwamba litaulizwa pia juu ya yale liliyotakiwa kuyasikia lisiyasikie.

Huenda msomaji akasema: kosa ni filamu, lau ungalisikiliza Qur'ani yasingalikupata haya. Ndugu yangu, nami ningependa iwe hivyo, lakini tumesikia nini katika hadithi? Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu msikitini, akawasikia watu wanasoma kwa sauti za juu. Akalifunua pazia akawafahamisha kwamba kila mmoja wao anasema na Mola wake, basi wasiudhiane, wala mmoja asiinue sauti ya kisomo juu ya mwenziwe. Jambo lililokatazwa pale halikuwa ngoma wala upuuzi. Ilikuwa Qur'ani, tena msikitini, tena katika itikafu. Na mwaka 2021 wizara inayosimamia mambo ya Kiislamu huko Saudi Arabia iliamuru vipaza sauti vya nje vya misikiti vitumike kwa adhana na ikama tu, na visizidi thuluthi ya nguvu yake. Na hadithi hii ilikuwa miongoni mwa hoja zake. Adhana ni mwito, na mwito haki yake ni kusikika. Lakini kisomo cha spika zangu sita saa nne za usiku kinamwita nani? Nikiwa nimekifungua ili jirani ajue kwamba mimi ni mtu wa dini, basi hilo lina jina lake jingine, nalo ni ria.

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko yote. Mpango wa sauti ya kuzunguka una kiti kimoja. Spika zote hupimwa kwa kiti hicho, masafa yote huhesabiwa kwake, na aliye nje yake, hata akiwa ubavuni pako katika sebule ile ile, hupata sauti iliyopinda. Mkeo akikaa pembeni, hasikii usikiavyo wewe. Yaani ni ulimwengu mdogo uliojengwa kumzunguka mtu mmoja: mawimbi yaja kwake, upepo wavuma kwa ajili yake, na kila kigongacho kinagonga ili yeye afurahi. Ndiyo sababu nilipousikia mlango nikadhani kwamba ni katika starehe yangu. Aliyezoea kuwa kitovu, hata kilio cha mwenzake hukisikia kama sehemu ya tamasha.

Linganisha na Makka. Pale pia pana duara, na pana watu wanaozunguka usiku na mchana. Lakini pale hapana hata mmoja aliye katikati. Mfalme yu pembezoni, na mchukuzi yu pembezoni, na wote wamezielekeza nyuso zao mahali ambapo si mahali pa mtu. Kila siku mara tano nasi twaelekea huko. Sielewi mtu awezaje kufunzwa hivyo mara tano kwa siku, kisha usiku akae kitini akajifanya yeye ndiye kitovu. Lakini naelewa, kwa sababu nimefanya.

Kijana wangu, nilipomweleza, alisema dawa ni nyepesi: tutumie hedifoni. Siku hizi kompyuta yaweza kuigiza namna kichwa na masikio ya mtu yanavyoibadilisha sauti, ikamfanya mwenye hedifoni asikie mbele na nyuma kama aliye katikati ya spika. Nikamwambia, mwanangu, dawa hiyo imemponya jirani, lakini mgonjwa wa pili bado. Kwa hedifoni kishindo hakitamfikia mzee, lakini hodi yake nayo haitanifikia mimi. Wala sauti ya mama yako akiniita jikoni. Kheri nusu ni kheri, lakini tusidhani kwamba tumemaliza.

Hatukuziuza spika. Si haramu kwa nafsi yake, wala sikutaka kumfunza kijana kwamba kila kitu kinachotufichua kosa letu ni lazima kitupwe. Lakini tumeweka sharti. Sabufa tumeiondoa kwenye ukuta wa jirani, tukaiinua sakafuni juu ya godoro dogo, tukaipunguza nguvu. Baada ya Isha haifunguliwi kabisa. Na kila tunapoweka kiwango cha sauti, mmoja wetu hutoka nje akasimama, si mlangoni petu, bali mlangoni kwa jirani, akasikiliza kama asikiavyo yeye. Kisha hurudi akagonga mlango wetu kwa mkono, kama mama mtu mzima agongavyo. Aliye ndani akiusikia, kiwango ni sawa. Asipousikia, hupunguza mpaka ausikie. Sura Al-Israa inatufunza njia ya kati hata katika sauti ya sala, si ya juu sana wala ya chini sana. Basi si vibaya sana kuitafuta njia hiyo katika sebule.

Wahenga wamesema kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Mimi nilikuwa mwenye nyumba huyo, nami sikuwa nimelala. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na awasamehe wote waliogongewa wasifungue, ayajaalie masikio yetu yasikie kabla hayajaulizwa, na awape jirani zetu afya na umri mwema. Amin.